Udhuru wa Tumbo Haumtoi Mtu Safuni

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu na kulisawazisha umbo lake, akampa uzima kuwa neema na maradhi kuwa mtihani, wala asimkalifishe ila kwa kadiri ya uweza wake. Rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, aliyetumwa na dini nyepesi, na Aali zake na Masahaba zake, na kila awafuataye kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baad. Risala hii ni ya kubainisha hukumu za Muislamu ambaye matabibu wamempasua tumbo, wakautoa utumbo wake nje ya ngozi, ikawa choo chake kikubwa chatoka tumboni, wala hakitoki tena katika njia yake ya asili. Mtu huyu huuliza: Je, sala yangu yasihi? Je, naweza kuingia msikitini? Na aghalabu haulizi kwa ulimi, bali huuliza kwa kutoonekana. Mahali pake katika safu huwa patupu, na watu husema kuwa fulani hajapona, ilhali amekwisha kupona zamani.

KHABARI YA MARADHI YENYEWE

Na ajue msomaji ya kwamba utumbo wa mtu huenda ukajisokota hata damu isiupitie, ukaoza. Au hutoboka kwa homa ya matumbo. Au huzibwa na saratani. Au huumizwa kwa ajali ya gari au kwa kisu. Na wako watoto wachanga wazaliwao pasina tundu la nyuma. Katika hali hizi mpasuaji hukata palipoharibika, na akiona kuwa hapafai kuunganishwa papo hapo, huutoa utumbo katika ukuta wa tumbo na kuushona hapo. Tundu hilo madaktari huliita stoma, nalo ni neno la Kiyunani, maana yake ni kinywa. Rangi yake ni nyekundu, lina umaji kama ndani ya mdomo, wala haliumi likiguswa. Walakini halina msuli wa kulifunga, basi mwenyewe hawezi kuzuia choo wala upepo, na hufunga mfuko juu yake wa kupokea kitokacho.

Likiwa ni la utumbo mpana, choo hutoka kizito, na mara nyingi kwa nyakati zinazojulikana. Likiwa ni la utumbo mwembamba, hutoka majimaji mchana na usiku, na mwenyewe hupotewa na maji na chumvi. Wengine hukaa nalo miezi kadha, kisha hurudishiwa utumbo wao ndani; na wengine hubaki nalo mpaka siku yao ya kufa. Wala tundu hili si hukumu ya mauti. Huko Ufaransa katika mwaka 1793 tabibu aitwaye Duret alimtoboa kitoto cha siku tatu kilichozaliwa bila njia, na mtoto yule akakua, akaishi miaka 45.

HALI YA MGONJWA KATIKA NCHI YA SAME

Mtu wa Tanga au wa Mombasa huenda akadhani kuwa khabari hii si yake. Na ukweli ni kwamba maradhi haya hayachagui mji wala kabila. Walakini mfano wa risala hii umechukuliwa katika nchi ya Same na milima ya Upare, kwani huko shida mbili zinakutana, nazo ni umbali wa tabibu na uchache wa maji. Na hukumu ikibainika mahali penye shida, mwenye wasaa huichukua kwa wepesi zaidi.

Same ni mji wa tambarare katika mkoa wa Kilimanjaro, upitiwao na reli itokayo Tanga kwenda Moshi na barabara kuu itokayo Dar es Salaam. Milima ya Upare, ambayo kilele chake ni Shengena chenye urefu wa mita 2,462, huzuia pepo zenye mvua zitokazo baharini. Basi juu milimani mna misitu na chemchemi, na wazee wa Kipare tangu kale walijenga ndiva za kuhifadhi maji na kuchimba mifereji ya kuyateremsha mashambani. Lakini chini upande wa magharibi, tangu Same hata Makanya na Hedaru, nchi ni kavu, na ndoo ya maji ina thamani. Na upasuaji mkubwa mara nyingi humpeleka mgonjwa Moshi, katika hospitali ya rufaa ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kutoka Same, na kwa mtu wa mlimani ni zaidi ya hapo.

Huko hutibiwa, akapewa mifuko kidogo, akarudi kwao. Mifuko ikiisha, naye hana fedha ya kununua mingine, hufunga kitambaa, au mfuko wa nailoni kwa kamba. Ngozi ikababuka, harufu ikatoka. Hapo ndipo unapoanza msiba wa pili, ulio mzito kuliko ule wa kwanza. Huacha kukaa barazani. Huacha kwenda arusini na matangani. Hula kidogo ili choo kiwe kidogo, akakonda. Hulala mbali na mkewe. Kisha huacha msikiti, na baada ya msikiti huiacha sala yenyewe, akijiambia kuwa yeye ni najisi na Mwenyezi Mungu hakubali sala ya najisi.

Na wako waliokwisha kusikia maneno haya kabla ya kupasuliwa. Tabibu anapowaambia kuwa utumbo umejisokota na hapana budi kutobolewa, mgonjwa hukataa, na jamaa zake humtia nguvu katika kukataa, wakisema: Afadhali afe akiwa na twahara yake. Utumbo ulioziba na kuoza haungoji mashauri. Mtu huyo hufa upesi, naye angeweza kuishi.

KATAZO LA KUTOA HUKUMU PASINA ELIMU

Katika zama za Mtume (S.A.W.) walikuwako watu safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe kichwani akapasuka. Kisha usiku ikampata janaba, akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia kuwa hawamwoni na ruhusa, maana maji yapo. Akaoga, akafa. Khabari ilipofika kwa Mtume (S.A.W.) alikasirika, akawahesabu wale kuwa ndio waliomuua, na akafundisha kuwa dawa ya kutojua ni kuuliza. Khabari hii ameipokea Abu Dawud kutoka kwa Jabir.

Basi na aogope kila mwenye kusema mbele ya mgonjwa kuwa tundu la tumbo lavunja dini ya mtu. Watu wale wa safari hawakukusudia ubaya. Walikusudia kuihifadhi twahara. Pamoja na hayo Mtume (S.A.W.) aliwatia lawamani kwa damu ya mwenzao. Na Qurani katika Suratul Baqara imekataza watu wasijitie wenyewe katika maangamizi. Mwenye kukataa dawa ambayo matabibu waaminifu wamekubaliana kuwa itamwokoa, kwa kuiogopa hukumu ambayo sharia haikuiweka, ameacha uhai wake kwa ajili ya dhana.

MAS-ALA YA KWANZA: JE, MTU HUYU NI NAJISI?

La. Mwili wa Muislamu ni twahiri, akiwa mzima au mgonjwa. Abu Huraira alipokuwa na janaba alijificha asikutane na Mtume (S.A.W.), na Mtume akamfahamisha ya kwamba muumini hawi najisi. Kilicho najisi ni kile kitokacho tu. Nacho ni kile kile kilichomo matumboni mwa maamuma wote walio safuni, wa kulia na wa kushoto na imamu aliye mbele. Tofauti ni mahali pa kutokea, na mahali pa kutokea si dhambi.

MAS-ALA YA PILI: KITOKACHO TUNDUNI CHATENGUA UDHU?

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi walilizungumza jambo hili kabla ya kuwako hospitali za leo. Imam Nawawi, aliyeishi baina ya mwaka 631 na 676 wa Hijra, amelitaja katika kitabu chake Minhaj, katika mlango wa mambo yatenguayo udhu. Muhtasari wake ni huu. Njia ya asili ikiwa imezibika, na tundu limefunguka chini ya tumbo la chakula, nao wameeleza kuwa makusudio ni chini ya kitovu, basi kitokacho hutengua udhu, kwani tundu limekuwa badala ya njia. Ama tundu likiwa juu ya hapo, au likiwa chini na ilhali njia ya asili ingali wazi, basi kwa kauli yenye nguvu kitokacho hakitengui udhu, lakini ni najisi na yapasa kuoshwa.

Mgonjwa na amwulize tabibu wake kama njia ya nyuma imefungwa kabisa au imepumzishwa tu, kisha amweleze mwanachuoni. Na asiyepata wa kumweleza, na atawadhe kwa ihtiyati. Kuligusa tundu kwa mkono hakutengui udhu, kwani hukumu ile ni ya njia ya asili.

MAS-ALA YA TATU: NAMNA YA KUSALI

Ambaye choo chake hakimkatikii, hukumu yake ni hukumu ya mwenye hadathi ya daima, kama mwenye kutokwa na mkojo na kama mwanamke mwenye istihadha. Naye afanye hivi:

Kwanza, angoje wakati wa sala uingie. Pili, amwage kilichomo mfukoni, aoshe tundu na pembezoni mwake kwa maji. Karatasi au jiwe peke yake hakutoshi hapa. Tatu, afunge mfuko safi, au kitambaa safi kwa asiye na mfuko. Nne, atawadhe mara hiyo, na nia yake iwe ni kujihalalishia sala, wala isiwe ni kuondoa hadathi, kwa kuwa hadathi yake haiondoki. Tano, asali pasipo kukawia. Kukawia kwa maslaha ya sala, kama kuvaa nguo na kuingoja jamaa, hakudhuru.

Udhu huo mmoja ni wa fardhi moja, pamoja na sunna kadiri apendavyo. Choo kikitoka katikati ya sala, sala yake ni sahihi, wala asiikate, wala hailipi baadaye. Mfuko ulioganda katika ngozi, ambao kuubandua kila sala kutamchuna, asiubandue. Aumwage na kuusafisha kwa kadiri awezavyo.

Na ambaye choo chake kina nyakati, hata ikawa apata muda wa kutawadha na kusali pasipo kutoka kitu, huyo humpasa kuusubiri muda huo ndani ya wakati wa sala, asali kama watu wengine.

Na maji yakiwa machache, kama yawavyo katika tambarare za Same, hata hayatoshi ila jambo moja, basi ayatumie kuosha najisi, kisha atayamamu kwa udhu wake. Najisi haina badala ya maji, na udhu una badala.

Ama mwenye kusafiri kutoka Same kwenda Moshi kutibiwa, huyo ni msafiri. Ana ruhusa ya kupunguza sala na kukusanya. Na kukusanya kwa maradhi tu pasina safari, kauli mashuhuri ya madhehebu haikuruhusu, lakini Imam Nawawi ameitia nguvu kauli ya kujuzu. Basi aliyelemewa ana pa kushika.

MAS-ALA YA NNE: MSIKITI NA SAFU

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari ya kwamba mmoja katika wake wa Mtume (S.A.W.) alikaa itikafu pamoja naye, ilhali anatokwa na damu ya istihadha, na pengine liliwekwa beseni chini yake. Mtume hakumtoa. Basi ambaye mfuko wake umefungwa barabara, haudondoki wala hautoi harufu, aingia msikitini, na Ijumaa ni wajibu juu yake. Ama akihofu kuuchafua msikiti au kuwaudhi watu kwa harufu, kama alivyokatazwa aliyekula vitunguu vibichi kuukaribia msikiti, basi ana udhuru, asali nyumbani, na kwa nia yake njema hutarajiwa kupata thawabu ya jamaa. Udhuru huo ni rehema kwake. Si fimbo ya watu kumfukuzia.

Na jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: katika kauli iliyo sahihi zaidi ya madhehebu, mtu mzima akisali nyuma ya mwenye kutokwa na mkojo daima, sala yake yasihi. Ikiwa sharia yamkubali mwenye udhuru kuwa imamu, ni nani wa kumkataa asiwe maamuma?

MAS-ALA YA TANO: FUNGA

Kitokacho tunduni hakifunguzi. Lakini kitu kikiingizwa ndani ya tundu kikafika utumboni, kama maji ya kusafishia utumbo, hufunguza kama ifunguzavyo dawa itiwayo kwa nyuma. Basi kazi hiyo na ifanywe usiku. Na mwenye tundu la utumbo mwembamba, akiambiwa na tabibu mwaminifu kuwa kukaa bila maji mchana kutamdhuru, na afungue. Akitarajia kupona, kama kurudishiwa utumbo wake, atalipa. Na asiyetarajia, atatoa fidia ya kibaba kwa kila siku.

MAS-ALA YA SITA: MUME NA MKE

Aibu za mwili zinazompa mume au mke haki ya kuvunja ndoa zimetajwa na kuhesabiwa katika vitabu vya Shafi, na tundu hili halimo. Mara nyingi mgonjwa ni mume, na mara nyingine ni mke. Mume ambaye mkewe amerudi hospitali na mfuko tumboni, kisha akamhamishia chumba cha pili na kuagiza chakula chake kipikwe na mtu mwingine, na ajue kuwa mkono wa mkewe ni twahiri kama wa kwake, na kuwa wema wa ndoa hujulikana siku ya ugonjwa. Kuingiliana hakukatazwi, baada ya kupona jeraha na kwa idhini ya tabibu.

WALIOTANGULIA KATIKA NJIA HII

Mwenye udhuru asidhani kuwa yu peke yake. Zaid bin Thabit, mwandishi wa wahyi, alipokuwa mzee alishindwa kuuzuia mkojo. Alijitibu kadiri awezavyo, na ulipomshinda alitawadha akasali. Imran bin Husain alikuwa na bawasiri, akamwuliza Mtume (S.A.W.) khabari ya sala, akamwelekeza asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Hakumwambia aache.

Na mkubwa wao katika khabari hii ni Sayyidna Umar bin Khattab. Mwishoni mwa mwaka 23 wa Hijra, nao ni 644 wa Miladia, alichomwa jambia tumboni akiwa katika sala ya Alfajiri. Akapewa kinywaji, kikatokea jerahani. Akapewa maziwa, yakatokea jerahani. Wote wakajua kuwa atakufa. Alipoamshwa kwa ajili ya sala, alisema maneno yenye maana ya kuwa mwenye kuiacha sala hana fungu katika Uislamu. Akasali, na jeraha lake latiririka damu. Tumbo la Amiri wa Waumini lilikuwa wazi, na sala yake haikuachwa. Je, tumbo la mvuvi wa Tanga au mkulima wa Gonja lina hukumu gani nyingine?

WAJIBU WA JAMAA

Neno lililobaki ni la wazima. Mgonjwa wa Same hakutengwa na Qurani wala na Hadithi wala na vitabu vya madhehebu. Alitengwa na macho ya watu na minong'ono yao. Basi watu wa kila msikiti, wa pwani na wa bara, na wafanye mambo manne. Wamfuate nyumbani kwake aliyekosekana, wamsomee hukumu hizi. Watenge chooni mahali penye maji na pazia, mtu aweze kumwaga mfuko wake na kujisafisha kwa sitara. Wamsaidie katika kununua mifuko. Na akiwa fakiri au maskini, yafaa kumpa katika zaka, kwani hiyo ni haja yake kama chakula na nguo. Na wawazuie vijana wao na kuziba pua na kucheka.

Na mwenye tundu naye ana wajibu: asafishe mwili wake, ailinde ngozi yake, arudi kwa tabibu upesi aonapo tundu limekuwa jeusi au halitoi kitu tumbo likavimba. Kisha atawadhe, atoke, asimame mahali pake. Mtu akisogea kando kumwepuka, na asogee yeye kuijaza nafasi, kwani kuziba upenyo wa safu ni katika utimilifu wa sala.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wa Kiislamu, awape subira wasioponeka, na azilainishe nyoyo za wazima. Rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad na Aali zake na Sahaba zake. Wallahu aalam.